Caol Ila tatu mezani: ya kiwanda chenyewe na mbili za wajazaji wa nje

Jamani hii imenichukua karibu miezi minne, maana chupa zenyewe si za kunywa kama maji na mfuko nao una kauli yake. Niko Edinburgh mwaka wa sita sasa, wiski nimejifunzia hukuhuku, zamani kwangu ilikua kitu cha kuchanganya na soda harusini basi. Safari hii nimeweka mezani singo molti tatu (wiski ya shayiri tupu iliyooteshwa, isiyochanganywa na ya kiwanda kingine) za kiwanda kimoja, Caol Ila. Moja ni ile ya kiwanda wenyewe, miaka 12, asilimia 43. Nyingine ya mjazaji wa nje anaitwa Signatory, miaka 11, asilimia 46. Ya mwisho ya Cadenhead's, mjazaji mwingine, nguvu ya pipa, yaani hawajaipunguza kwa maji kabisa, 56 na ushee. Na inatamkwa kal-iila, mi nlienda dukani nkasema "kaoli ila", muuzaji akaniangalia kwa huruma.

Kwa asiyejua, Scotland kuna watu kazi yao ni kununua mapipa ya viwanda vya wengine, wanayalaza mpaka waridhike afu wanajaza chupa kwa lebo yao, jina la kiwanda mara nyingi linabaki palepale. Cadenhead's wapo tangu 1842, Gordon & MacPhail wa Elgin tangu 1895, Signatory ni wa juzi tu, 1988. Caol Ila yenyewe iko kisiwa cha Islay, mali ya Diageo, kampuni kubwa ya pombe, na sehemu kubwa ya wanachopika inaishia ndani ya Johnnie Walker, kwahiyo na mapipa yake huku nje hayana uadimu sana.

Haya, kinywani sasa. Ile ya kiwanda haina kosa. Moshi wa mbali, ndimu, chumvi kidogo, inateremka. Ila ni kama chakula cha hoteli kubwa, leo na mwakani ladha ileile, na ndo wanavyotaka, wanachanganya mapipa mengi makusudi ili isibadilike. Nilikunywa nikiangalia mpira nikasahau kama naonja.

Signatory ndo iliyonikalisha kitako. Harufu yake ni jiko la kuni asubuhi, moto umeshazimwa, majivu bado ya moto, na juu yake kama mtu kamenya ndimu. Ukimeza unadhani imeisha, afu utamu unarudi polepole, ule wa muwa ukishatafuna mpaka umebaki makapi. Rangi imepauka kabisa, unaweza kudhani ni mafuta ya alizeti yaliyoongezwa maji, kwa sababu hawatii rangi. Sheria ya Scotch, yaani wiski ya Scotland, inaruhusu kutia karameli kwenye wiski, kwahiyo ukiona nyeusi usifikiri ni uzee.

Cadenhead's sasa. Nilivyopiga funda la kwanza ulimi ukafa ganzi, sikuonja chochote zaidi ya moto. Nkachukua bomba la kunyweshea mtoto dawa, lile la plastiki lisilo na sindano, nkawa naongeza maji nusu mili, nusu mili. Hapo inabidi uangalie glasi karibu na taa: maji yakigusa wiski unaona nyuzinyuzi kama za mafuta zinazunguka, zinapotea, na ukiendelea inaanza kuwa na ukungu, hiyo ni kwa sababu hawajaichuja kwa baridi (yaani kuipoza kwanza ili mafuta yagande yachujwe), mafuta yake yote yamo. Kwenye mili 3 hivi ikafunguka. Sangara wa moshi, pilipili manga, chumvi, kwa mbali harufu ya kamba za boti. Tamu sana lakini inataka muda na utulivu, ukiwa na njaa usiiguse.

Nisiwadanganye lakini, pipa ni bahati nasibu. Mwaka jana nilinunua chupa ya mjazaji mwingine, simtaji, imemaliziwa kwenye pipa la sheri, ile divai ya Hispania, nyeusi kama kahawa, nkaona nimepata. Kufungua, kiberiti kitupu na yai la kuchemsha. Nliirudisha dukani wakaniambia ndo pipa lenyewe lilivyo. Kwahiyo siku hizi natafuta kwanza kichupa kidogo cha kuonjea au nanunua toti moja baa, hata kama toti yenyewe inauma. Na kama una chupa ya Gordon & MacPhail unaimezea mate usizubae sana, walitangaza 2023 kwamba kuanzia 2024 hawajazi tena mapipa mapya kwa wiski ya viwanda vya wengine, stoo wanayo ya miaka mingi ila bei si inajulikana inaelekea wapi.

Kwa hela yangu, Signatory narudia kesho. Imeshashuka chini ya lebo. Cadenhead's inasubiri Januari, kibaridi kile cha kweli. Ile ya 43 nimemwachia shemeji yangu, anaweka barafu na soda, na mi nimenyamaza.