Unga wa makumbi ya nazi wa kuoteshea vipandikizi, Malindi: chumvi tupu!

Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa shingo upande. Gunia limetoka kwenye kitalu kimoja hapa Malindi, majuzi kabla ya kusi kuanza. Nilichomeka vipandikizi 20 vya mrehani. Siku ya nne kingo za majani zimekauka kahawia, mashina yamenywea, na unga wenyewe bado umelowa! Kwenda kuuliza, kijana hata hakuinua macho kwenye simu: "Mama, wewe huna mkono wa mimea."

Sikiliza, mwanangu. Kipandikizi kikioza kwa maji mengi, weusi huanzia chini, shina hulainika na kunuka. Hivi vilikauka kuanzia ukingo wa jani. Hiyo ni chumvi. Makumbi yaliyofukiwa pwani ili yalainike hunywa maji ya bahari, na yasiposuuzwa chumvi hubaki humo humo. Kipandikizi hakina mizizi, hunywa kwa lile jeraha la kisu tu, na penye chumvi nyingi maji huvutwa kutoka shinani badala ya kuingia. Kamua konzi moja ya unga ule uliolowa, gusa maji yake kwa ncha ya ulimi: utatema. Mdomoni mwa gunia, palipokauka, pana ukoko mweupe kabisa.

Wala vipandikizi havikuwa na kosa. Sentimita 10 hadi 12, vimekatwa chini tu ya kifundo, majani ya chini yametolewa, hakuna tawi lenye ua, maana lenye ua nguvu zake huishia kwenye mbegu. Maji ni ya bomba, si ya kisima.

Dawa yake ni hii: ndoo moja ya unga kwa ndoo tatu za maji, ulale usiku kucha, kamua, mwaga. Rudia mara tatu, mpaka ukionja usisikie kitu. Kisha nusu kwa nusu na mchanga mnene wa mto Sabaki, si wa ufuoni, utarudi kulekule. Ukiufinya mkononi litoke tone moja au mawili, basi. Weka kivulini.

Na hapa lazima niseme kweli. Ukishasuuzwa, unga huu sijaona mfano wake. Hushika maji bila kuziba hewa. Mrehani ulitoa mizizi myeupe kwa siku 12, mnanaa ukatangulia. (Rozmari msiiharakishe, huchukua wiki 4 hadi 8.) Hapo ningetoa nyota nne.

Lakini hapana! Ndoo tisa za maji kwa ndoo moja ya unga, na bomba lenyewe hukatika, nani ananilipa? Na mrehani ule wa kwanza ulikuwa wa vikuba vya harusi, vile vishada vya kunukia. Kusema tu "suuza kwanza" kungemgharimu nini yule kijana? Nyota mbili. Gunia jingine nitachukua, ila nitaulowesha na kuuonja palepale mbele yake kabla sijatoa pesa.