Zstd na zfp kwa data za bahari: uzoefu wangu hapa Tanga

Kazi yangu ni kutunza data za joto la bahari: vipimo vya vihisi tunavyovifunga kwenye matumbawe, na matokeo ya modeli ya kompyuta ya Mkondo wa Pemba (bahari iliyo kati ya bara na kisiwa cha Pemba), ambayo ndiyo hasa yanayojaza diski. Natumia zstd na zfp, programu za kubana data ili zichukue nafasi ndogo, zote za bure. Nazipendekeza, ila kila moja na mahali pake.

Zstd, kazi ya Yann Collet akiwa Facebook, ilitoka rasmi 2016 na haipotezi hata biti moja. Kiwango cha 19 kinabana taratibu mno, lakini kufungua ni chapuchapu tu. Mafaili ya maandishi ya vihisi yananywea vizuri sana. Ya modeli hugoma, kwa sababu kila namba ya desimali ina baiti 4 na zile za mwisho hazina mpangilio wowote. Dawa ni kuzipanga upya kwanza: baiti za kwanza za namba zote zikae pamoja, za pili pamoja, ndipo ubane. HDF5, muundo wa mafaili ya data za kisayansi, inayo kazi hiyo tayari, inaitwa shuffle. Usiiache!

Zfp, ya Peter Lindstrom wa maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, hupoteza kidogo, kwa kiasi unachopanga mwenyewe. Mimi nimeweka nyuzi 0.01. Vihisi ninavyolinganisha navyo vina usahihi wa nyuzi 0.2, kwa hiyo hakuna cha maana kinachopotea.

Mtihani uko ufukweni. Zfp hubana ramani kwa vipande vya namba 4 kwa 4, na kila kipande hutumia kipeo kimoja, kile cha namba yake kubwa kuliko zote. Mafaili ya netCDF, muundo ambao modeli za bahari hutumia sana, kwa kawaida hujaza nchi kavu kwa namba kubwa ajabu, inayokaribia 10 kwa kipeo cha 37. Kipande kikishika bahari na nchi kavu pamoja, zile nyuzi 28 za maji zinamezwa. Ndiyo maana najaza nchi kavu kwa wastani wa maji ya jirani kabla ya kubana, na ramani ya nchi kavu inakaa kwenye faili lake.

Vipimo vya vihisi siviguzi kwa zfp kamwe. Modeli unaweza kuiendesha upya. Joto kama lile lililopausha matumbawe ya pwani yetu 1998 halipimwi mara ya pili. Vipimo hivyo vinaenda zstd, nakala mbili kwenye diski tofauti, na kila faili nalikagua kwa amri ya zstd -t, inayojaribu kama lililobanwa ni zima, kabla sijafuta la asili.