Droo nne za plastiki za Kariakoo kwa vifaa vya watoto, nimekaa nazo miezi nane

Review za siku ya kwanza mi siziamini, siku ya kwanza kila kitu kizuri, ndo maana nimesubiri miezi nane ndo naandika. Nazungumzia vile vikabati vya droo za plastiki, nne zimebebana, fremu nyeupe afu droo zinaonyesha ndani, Kariakoo vimejaa, ukishuka Msimbazi ukaingia Mtaa wa Kongo unavikuta vimepangwa mpaka barabarani. Mi nilichukua chenye matairi kwa elfu 38, muuzaji alianzia 45 tukavutana mpaka nikataka kuondoka. Duka silitaji, mbele utaona kwanini.

Nina wawili, mmoja ana miaka minne na nusu mwingine mitatu kasoro. Mkubwa anaanza awali Januari kwa hiyo mwaka huu nimeamua kukaa nao mwenyewe, asubuhi saa tatu mpaka saa tano hivi, herufi kidogo, kuhesabu, kukata na kubandika, basi, tukichoka tunaenda kumwagilia mchicha. Kabla ya droo vitu vyote vilikuwa kwenye kiroba kimoja cha mchele, yaani ukitaka mkasi unamwaga kiroba chote sakafuni, ukiupata mkasi watoto wameshaanza kuchezea vilivyomwagika na somo limeishia hapo.

Sasa shida ya kwanza, karatasi. Muuzaji aliniapia, "dada A4 inalala humo bila wasiwasi," nikaamini, sikupima. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, na droo ukiipima juu kweli inafika 30 na kidogo, ila kuta zake zimelala kwenda ndani, chini kabisa inabaki kama 28. Kwa hiyo karatasi hailali, inapanda ukuta inajikunja kama chapati. Michoro yote ya wiki ya kwanza ilitoka imepinda, na mtoto akaniuliza nani kamkunjia nyumba yake. Kama unaenda kununua beba karatasi ya A4 mkononi, mwambie aitumbukize mbele yako mpaka iguse chini, asikuapie. Karatasi zangu sa hivi ziko kwenye yale mafaili ya plastiki ya kifungo ya steshenari, nimeyasimamisha kwenye boksi la rimu nililolikata upande mmoja, na hilo boksi ni la bure, yaani limelishinda kabati la elfu 38.

Shida ya pili ndo iliyoniudhi. Nimefika nyumbani nafungua nailoni, droo ya chini ina ufa kwenye kona. Nikampigia, akasema nilete, nimepanda nalo bodaboda mpaka dukani jua la saa nane, nafika ananiambia mzigo ukishatoka haurudi, eti labda bodaboda ndo kaipasua. Haya. Nikarudi na ufa wangu. Ndani ya mwezi ufa ukawa mpasuko, na mimi siku hizi nakagua kitu kimoja kimoja nikiwa bado nimesimama dukani hata muuzaji akinuna.

Halafu hizi droo hazina kizuizi. Ukivuta kwa nguvu inatoka yote, na mtoto wa miaka mitatu hajui kuvuta taratibu. Mwanzo nilijaza vitabu na plastisini droo ya juu, kwa akili yangu nzito iwe juu nifikie vizuri, mkubwa akavuta mbili za juu kwa mpigo kabati zima likamfuata, nililidaka kwa goti. Siku hiyohiyo nikang'oa matairi, vitu vizito vyote vikashuka chini, na nyuma nimelifunga kwa kamba kwenye nondo ya dirisha. Ukiwa na mtoto anayepanda vitu usilisahau hili, sio utani.

Na maharage msiweke! Mi niliweka maharage ya kuhesabia kwenye droo ya tatu, masika yalipoingia na huu unyevu wetu nafungua nakuta unga na fukusi wanatembea juu ya kadi za herufi. Kadi zenyewe hazikudhurika kwa sababu nilizilamineti, ila nilizifuta moja moja huku nawashwa mwili mzima. Sa hivi tunahesabia vifuniko vya soda, muuza duka wetu ananiwekea. Komwe za bao nilizitoa pia kwa ajili ya mdogo, maana nina kipimo changu, kitu kikipita kwenye ule mrija wa katikati wa toilet paper kinapita na kooni, basi kinakaa juu ya kabati langu la nguo mpaka akue.

Ila nisiwe mchoyo wa sifa. Kuona ndani bila kufungua ni raha kwelikweli, mtoto anaona krayoni anaenda mwenyewe. Nimebandika picha, mkasi, gundi, kitabu, na nimezibandika kwa ndani ya droo, kwa sababu za nje walizibandua siku mbili tu. Kuosha pia rahisi, droo unaitoa unaisugua na sabuni unaianika, rangi ya maji iliyomwagika haiachi doa.

Kilichonifungua macho ni kwamba droo kubwa bila vigawanyo ni kiroba tu chenye mpini. Wiki ya pili kila droo ilikuwa vurugu kamili, gundi chini ya krayoni, krayoni ndani ya plastisini. Nikaingiza makopo ya Blue Band yaliyoisha ndani ya droo, kila kopo kitu chake, afadhali. Afu nikafanya kilichofanya kazi kuliko vyote, kabati nikalihamishia chumbani kwangu likawa stoo ya mama, sebuleni nikaacha ubao mfupi juu ya tofali mbili na trei nne tu, kila trei shughuli moja. Wenyewe wa Montessori, ule mfumo wa kufundisha watoto wadogo, wana mambo haya tangu mama yao Maria Montessori alipofungua nyumba ya watoto kule Roma mwaka 1907, vitu viwe chini mtoto afikie na arudishe mwenyewe. Mi nilikuwa nasikia naona ni mambo ya shule za ada ya mamilioni, kumbe ni ubao na tofali. Jumapili usiku wakilala natoa trei mbili naingiza nyingine kutoka kwenye droo, Jumatatu wanazipokea kama mpya wakati ni vilevile vya mwezi jana.

Ningenunua tena? Cha droo tatu ndio, kifupi, hakina matairi, na kwa duka lingine. Cha nne hiki kwa nyumba yenye watoto wadogo hapana, labda uweke nguo. Ile droo iliyopasuka nimeshaitoa, mkubwa kaitoboa akafunga kamba, sa hivi ni daladala, mdogo ndo abiria na wanapita koridoni wanaita Mbagala.