Modeli ya ugwe mgongo: yafaa darasani, ila nyuroni unganishi imeonewa

Modeli hii ya plastiki inaonyesha kipande cha ugwe mgongo, yaani shina la neva lipitalo ndani ya uti wa mgongo, kilichokatwa kwa upana, pamoja na njia inayopitiwa na taarifa pale mkono unapogusa kitu cha moto na kujivuta wenyewe. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 185,000 kwa ajili ya mada ya uratibu katika kidato cha tatu, na nimeitumia kwa mihula miwili.

Umbo la jumla ni sahihi. Sehemu ya kijivu imekaa katikati kama kipepeo aliyetandaza mabawa, imezungukwa na sehemu nyeupe. Nyuroni (seli ya neva) ya hisia, yenye rangi ya buluu, inaingilia upande wa nyuma, na kiini chake kimewekwa mahali panapostahili, yaani ndani ya kivimbe kilicho nje ya ugwe mgongo. Nyuroni ya mwendo, nyekundu, inatokea upande wa mbele kuelekea kwenye msuli. Hata mwanafunzi aliyekaa nyuma kabisa anaifuata njia hiyo kwa macho bila taabu.

Tatizo ni uzi wa kijani ulio kati ya hizo mbili, ambao ndio nyuroni unganishi, yaani ile inayopokeza taarifa kutoka nyuroni moja hadi nyingine. Nyuroni unganishi hukaa yote ndani ya mfumo mkuu wa neva (ubongo na ugwe mgongo), haitoki nje, na ina dendraiti nyingi, yaani vijitawi vinavyopokea taarifa kutoka seli mbalimbali, ilhali mtengenezaji ameifanya kijiti kimoja chenye nundu katikati, kisicho na tawi lolote, kilichogundishwa kwa gundi huku na huku. Binti mmoja aliuliza, “Mwalimu, kama ni waya tu, kwa nini ile ya buluu isiungwe moja kwa moja na nyekundu?” Modeli haikuwa na jibu. Ilinibidi nieleze kwamba nyuroni hizi hupokea pia amri kutoka ubongoni, ndiyo maana mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto huweza kujikaza mpaka alitue mezani, na kwamba taarifa nyingine hupanda kwenda ubongoni wakati mkono umekwisha kujivuta. Kisha nikachukua wembe nikakata ile gundi, nikaacha nafasi ya milimita mbili kila upande, maana katika sinapsi, yaani mahali nyuroni mbili zinapokutana, seli hizi hazigusani: ujumbe huvushwa kwa kemikali. Nafasi yenyewe mwilini ni kama nanomita 20 hadi 40, kwa hiyo mkato wangu ni mkubwa mno, lakini angalau unaonekana.

Kosa zito zaidi limo katika ubao mdogo unaoambatana na modeli, unaoonyesha goti likigongwa kwa nyundo. Humo nyuroni unganishi imechorwa kati ya nyuroni ya hisia na ile inayoukaza msuli wa mbele ya paja, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa hapo nyuroni ya hisia huunganika moja kwa moja na ya mwendo. Nyuroni unganishi inahitajika kwingine: huzuia nyuroni inayoukaza msuli wa nyuma ya paja, ili misuli hiyo miwili isivutane. Kazi hii ya kuzuia haikutajwa popote, wala katika kijitabu cha maelezo, nami naiona ndiyo yenye utamu katika mada nzima. Wanafunzi wangu waliielewa nilipotaja pepopunda, ugonjwa ambao karibu kila mmoja amewahi kuusikia nyumbani: sumu ya bakteria wake huzifanya nyuroni za kuzuia zishindwe kutoa kemikali zake, misuli ikakosa wa kuituliza, taya likakaza na mgongo ukapinda.

Kwa upande wa uimara, kitako ni kizito na hakiyumbi, ingawa rangi nyekundu imeanza kubanduka. Lebo ni za Kiingereza, na herufi zake ni ndogo kuliko inavyofaa.

Kwa shule isiyo na modeli yoyote, bado ni ununuzi unaofaa, mradi ule ubao wa goti usiwekwe mbele ya wanafunzi kabla haujasahihishwa. Anayenunua aandae pia wembe na kichupa cha rangi ya kucha ya kijani. Mimi nimekwisha kuchora matawi matano, na moja nimelielekeza juu, kwenye ubongo.