Nguo za baridi kwa Camino ya Oktoba na Novemba: kipi ununue kwanza, kipi ukiache sokoni

Kwetu Oktoba ni mwanzo wa vuli: mawingu, jasho, mvua ya saa moja halafu jua. Kaskazini mwa Hispania mwezi huohuo ni mapukutiko, na anayetembea Camino Francés, njia ya kale ya mahujaji yenye kilomita zipatazo 780 kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa hadi Santiago de Compostela, ana wiki tano hivi za kukutana na hewa za kila namna. Siku ya kwanza nilitembea na fulana. Wiki ya nne, pale Cruz de Ferro, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, vidole vyangu vilishindwa kufungua zipu.

Kosa langu lilianzia Karume, soko la mitumba la Dar es Salaam. Nilikuta koti zito, nje gumu, ndani pamba tupu, kofia yake ina manyoya. Muuzaji akanivisha, akarudi nyuma hatua mbili, akaniambia, "Braza, hapo hata Wazungu wenyewe watakuuliza umelitoa wapi." Nikalipa. Nyumbani nikaliweka kwenye mizani ya jikoni: kilo 1.9. Siku ya nne ya safari niliacha koti hilo kwenye kasha la vitu vya kuachiana katika hosteli ya mahujaji, zile zinazoitwa albergue. Asubuhi naondoka, bado lilikuwa pale. Hata wa bure hawakulitaka.

Lilikuwa koti zuri, shida ni kwamba lilishonwa kwa ajili ya mtu anayesubiri basi. Ukipanda mlima na begi mgongoni, mwili unachemka. Kutoka Saint-Jean, mita 170 hivi, unapanda hadi Col de Lepoeder, mita 1,430 hivi, ndipo ushukie Roncesvalles, na hewa hupoa kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Chini unatoka jasho, juu upepo unalikuta lingali mgongoni. Pamba ikishalowa haitoi maji upesi, na joto nalo limekwisha. Tangu hapo kila nguo naipima kwa swali moja: nikiifua saa kumi jioni, itakuwa imekauka alfajiri kwenye chuma cha dabo deka, chumbani mna watu ishirini na hita imezimwa saa nne usiku?

Namba moja: flisi nyembamba. Ni lile sweta la poliesta lenye vinyweleo vifupi, laini kama kitambaa cha mtoto. Tafuta la gramu 250 hadi 300, lenye zipu ya kuishia kifuani ili ukipata joto uifungue bila kusimama. Unaweza kutembea nalo siku nzima, jasho linapita, na ukilikamua vizuri linakauka usiku huohuo. Halafu mitumba imejaa flisi. Karume zipo, Gikomba ya Nairobi zipo, lakini mimi ningepanda hadi Moshi, soko la Memorial, kwa sababu watu wa pale wanaishi chini ya Kilimanjaro na wanajua gia ya mlima ikoje. Ukisema unataka ya kutembelea hawakuletei ya kukalia.

Igeuze ndani nje. Kama vinyweleo vimejikunja vikawa vidonge vigumu, joto lake limeshaondoka na mwenyewe wa kwanza. Kisha soma lebo, na hapa wengi huuziwa pamba kwa jina la sufu, kwa kuwa mitumba haina lugha moja. Ukiona Baumwolle, coton, algodón au cotone, hiyo ni pamba, irudishe kwenye rundo. Wolle, laine na lana ni sufu. Muuzaji anaweza kukuapia. Lebo ya Kijerumani haiapi, imeandikwa tu. Ikiwa lebo imekatwa, chovya pembe ya nguo kwenye maji na uikamue: poliesta hubaki nyepesi, pamba inakuwa nzito kama dekio. Usinunue flisi nene yenye manyoya kama ya kondoo. Inajaza nusu ya begi na huwezi kutembea nayo.

Namba mbili: fulana ya mikono mirefu ya merino, sufu laini ya kondoo wa jina hilo. Wenye hela watabisha kwamba hii ndiyo ya kwanza, na sitagombana nao. Ikilowa bado ina joto, na sifa yake kubwa ni kwamba hainuki: nilivaa yangu siku tatu mfululizo na wenzangu mezani hawakuhama. Fulana ya poliesta siku ya pili tu inanuka beberu. Nimeishusha kwa sababu ya bei, maana mpya ni mara tatu au nne ya bei ya flisi ya kawaida, na pia hukauka polepole kuliko poliesta. Mtumba wa merino uinue juani kabla ya kulipa. Nondo wanapenda sufu, na tundu la ncha ya sindano leo litapita kidole ukifika Burgos, mji wa njiani. Kama imefuliwa kwa maji ya moto utaijua: imesinyaa, imekakamaa. Nunua mbili ukiweza, ya njiani na ya kulalia.

Namba tatu: jaketi jepesi la kujazwa, lile lenye mistari kama godoro. La kutembelea si hili. Unalivaa ukisimama, ukienda kula, ukiamka kwenda msalani saa tisa usiku. La manyoya ya bata ni jepesi zaidi na hukunjika likatosha mkononi, ila likilowa manyoya yanagandamana na unabaki umevaa mfuko. Lililojazwa nyuzi za poliesta ni zito kidogo lakini hustahimili unyevu, na Galicia, ile sehemu ya mwisho ya njia, ni nchi ya mvua. Mimi nachagua la poliesta. Ukiangukia la bata kwenye mitumba, lifinye kwa ngumi, uliachie uone kama linafura, kisha linuse: likinuka kama kuku aliyenyeshewa, liache.

Koti la mvua sijalipa namba kwa sababu bila hilo hizo tatu hazina kazi. Wengi husifia poncho, ile joho ya mvua ya kutumbukiza kichwani, kwa kuwa inafunika na begi. Ni kweli, mpaka ufike Meseta, uwanda ule kati ya Burgos na León usio na pa kujificha, upepo uipindue na kukufunika uso. Chukua koti, na mfuniko wa begi peke yake. La mitumba ligeuze: utando wa ndani ukibanduka kama ngozi iliyoungua jua, linavuja.

Za mwisho ni jinzi, hudi ya pamba na ndugu zake koti langu. Usibebe.

Vitu vidogo usivipuuze. Kabla saa hazijarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua maeneo ya León huchomoza saa mbili na nusu ikishapita, kwa hiyo unaanza kutembea wakati wa baridi kali kuliko wote. Glavu na kofia ya sufu hapo zinashinda koti lolote. Soksi za sufu jozi tatu. Na khanga moja: shingoni asubuhi, taulo jioni, usiku unaichomeka chini ya godoro la juu inakuwa pazia.

Usinunue vyote kabla ya safari. Pamplona, Logroño, Burgos na León kuna Decathlon, duka la vifaa vya michezo, ingawa mara nyingi ni pembeni ya mji na utahitaji basi, kwa hiyo glavu na jaketi vinaweza kusubiri mpaka uone baridi yenyewe. Angalia kalenda tu: Jumapili maduka mengi ya Hispania hufungwa, na tarehe 12 Oktoba na 1 Novemba ni sikukuu za taifa. Kuanzia hiyo 1 Novemba pia njia ya juu ya milima ya Pyrenees, ile ya Napoléon, hufungwa hadi mwisho wa Machi, na utapitia Valcarlos, chini bondeni.