Oili ya shokapu za mbele kwa pikipiki ya maziwa: nimejaribu nne

Kazi yangu ni kubeba maziwa. Natoka Uyole, hapa Mbeya, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, napanda Igawilo mpaka vijiji vya ndani kule Isyonje, nakusanya kwa wafugaji, saa mbili na nusu niko Mwanjelwa. Pikipiki ni Boxer ya cc 150, madumu manne ya lita 20, mawili kila upande. Nikijaza yote, nyuma yangu kuna zaidi ya kilo 80. Kama wewe unapeleka abiria mmoja mmoja kutoka Kabwe hadi Sokomatola, yangu yanaweza yasikuhusu sana.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa huu: kupanda na madumu matupu hakuna shida. Kurudi nimejaza, nateremka, nashika breki kabla ya tuta, mbele inazama yote mpaka nasikia chuma kinagonga chuma. Gwa! Halafu inaruka kurudi juu kama mbuzi aliyekanyagwa mkia.

Fundi wangu hakufikiri mara mbili. "Kaka, hapo weka oili nzito tu." Akafungua nati za juu, akamimina oili ya injini, 20W-50, iliyobaki kwenye kopo la mteja mwingine. Kipimo chake jicho. Elfu tano, kazi imekwisha.

Siku ya kwanza nilimsifu. Kwenye lami ya mjini mbele ilitulia kabisa. Kesho yake Isyonje, mwezi wa saba, baridi ya kule unaijua, oili ile ilikuwa kama asali ya nyuki wadogo. Shokapu hazikuwa zinafanya kazi tena, zilikuwa fimbo mbili. Kila jiwe lilikuja moja kwa moja kwenye viwiko. Kwenye rasta, zile tuta ndogo ndogo zilizopangwa pamoja, gurudumu la mbele lilikuwa linagusa ya kwanza na kuruka zilizobaki. Nilipofika sokoni, mama ninayemuuzia wa mgando akafungua dumu ambalo halikujaa, akachungulia, akaniuliza: "Mwanangu, leo umeniletea maziwa au siagi?" Mabonge ya mafuta yalikuwa yanaelea juu. Maziwa ya baridi yenye nafasi ya kucheza ndani ya dumu, yakitikiswa saa nzima, yanasukika. Alinikata bei, na sikuwa na la kumjibu.

Ndipo nikaamua kufungua mwenyewe nione kuna nini mle. Ndani ya kila mguu wa shokapu kuna springi ndefu na bomba jembamba lenye vitundu. Mguu ukizama, oili inasukumwa ipite kwenye vitundu. Ukirudi juu, inapita tena. Oili kazi yake ni kupunguza kasi ya kuzama na kurudi. Uzito wako na wa mzigo unabebwa na springi. Kwa hiyo ukiweka oili nzito sana hujaongeza nguvu ya kubeba, umeziba tu njia. Shokapu inachelewa kuzama, na ikishazama inachelewa kurudi, jiwe la pili linaikuta bado iko chini.

Cha ajabu, miguu yangu miwili ilipishana kwa milimita 22 za kina cha oili. Jicho la fundi hilo.

Ya pili nilijaribu haidroliki namba 68, oili ya mitambo, ya kupima kutoka pipani. Afadhali kuliko ile ya injini, lakini alfajiri bado ngumu. Sikukaa nayo hata wiki tatu.

Hapa kuna jambo ambalo wauza spea wengi hawakuambii. Ile 5W, 10W au 15W kwenye kopo la oili ya shokapu haina kipimo kimoja. 10W ya kampuni moja inaweza kuwa nyepesi kuliko 10W ya nyingine. Namba ya kuulizia ni sentistoki kwa nyuzi 40, yaani kipimo cha uzito wa oili ikiwa na joto hilo; namba ikiwa kubwa, oili ni nzito. Haidroliki ndiyo rahisi, maana 32, 46 au 68 iliyoandikwa pale ndiyo namba hiyo hiyo. Motul Fork Oil 10W iko kama 36. ATF nyekundu ya kawaida ya gia za kujiendesha inakaribia hapo hapo, thelathini na kitu. Oili ya injini 20W-50 inapita 150. Ukiziona namba hizo huhitaji kuwa fundi kujua kwa nini viwiko vyangu viliuma.

Ya tatu basi ikawa ATF, na ya nne Motul 10W, niliyoagiza Dar ikaja kwa basi. Safari hii sikumpa mtu anipimie. Nilinunua bomba la sindano la 60 ml kwenye duka la dawa za mifugo, nikaweka kila mguu ujazo ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, nikapampu juu chini mpaka mapovu yakaisha, kisha springi ikiwa nje na shokapu imebanwa chini kabisa, nikapima kutoka mdomo wa bomba hadi kwenye oili. Nikaongeza mpaka umbali ule ukapungua kwa milimita 10, miguu yote sawa. Juu ya oili kuna hewa. Ikipungua, inakaza zaidi shokapu inapokaribia mwisho wa kuzama, na mwanzo unabaki laini. Usizidishe tu, sili, zile mpira zinazozuia oili isivuje, zitakulipia hiyo tamaa.

Nilifunga uzi wa sufi kwenye bomba la shokapu ili nione linazama hadi wapi. Kabla ya yote haya, uzi ulikuwa unapanda mpaka mwisho. Kwa 20W-50 uliishia nusu, na bado mwili uliuma. Kwa ATF na kwa Motul, njia ile ile, madumu yale yale, ulibakiza vidole viwili. Ule mgongano wa chuma umekwisha.

Tofauti ya hizo mbili? Kusema kweli, ndogo kuliko tofauti ya bei. Motul inateleza vizuri zaidi kwenye vijishimo vidogo, na alfajiri mbele inaamka haraka. Lakini ATF ilinipa karibu yote hayo kwa pesa ya chai na chapati za wiki. Kwa bodaboda wa kawaida anayebadilisha kila mwaka, nasema ATF, sindano, na sili mpya kama zinatoa unyevu. Motul nitaendelea nayo kwa sababu nateremka mlima kila siku na mzigo unaoharibika, na lita moja inanipeleka zaidi ya mara moja. Nyota nne, moja nimeikata kwa sababu ya bei na kusubiri basi.

Mama wa mgando amerudisha bei yangu ya zamani. Bado anachungulia dumu kwanza.