Shule yetu ya kata huku Ukerewe, mzazi naongea

Binti yangu yuko kidato cha tatu hapa, kutwa. Ada ya 20,000 ilifutwa tangu 2016 ila hiyo bure msiielewe vibaya, mchango wa chakula upo palepale na usipotoa mtoto anashinda njaa wenzake wanakula makande. Ticha wa kemia lakini aisee anajituma, anawabakisha jioni wafanye titresheni, ile ya kudondoshea asidi kwenye besi tone kwa tone, bureti zenyewe (mirija ya kioo yenye koki) mbili, moja koki inavuja wameikaza na mpira wa baiskeli, wanapanga foleni na wanaelewa, juzi binti kanieleza asidi na besi huku anaparua sato jikoni nikabaki namwangalia tu. Hesabu sasa mmh, mwalimu kahama hajaletwa mwingine. Vyoo ndo aibu, ziwa lile pale tunaliona ila bomba kavu, watoto wanabeba madumu toka nyumbani. Halafu giza likiingia, yaani zile siku usiku hauna mbalamwezi, dagaa wanavuliwa, wavulana hawaonekani darasani, na viboko havisaidii, walimu waende wakaongee na wazee mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga. Bweni hakuna, wazazi wa kisiwa cha Ukara jiandaeni kumpangishia mtoto geto. Nyota tatu, mleteni mwalimu wa hesabu niongeze ya nne.